Walisema Petroli Imelala

Mtu akiniambia tangi ni tupu, simwangalii mdomo, namwangalia viatu. Viatu vikiwa vikavu na yeye anasema ameosha tangi, najua hajaosha. Vikiwa vimelowa bado namtilia shaka, maana maji yanaweza kuwa ya bombani. Ndivyo nilivyo. Marehemu mke wangu alikuwa akisema kwamba mtu akiniuliza jina langu nitataka kwanza kujua ametumwa na nani. Alisema kweli. Labda kazi ya ulinzi ndiyo iliyonifanya hivyo, labda nilizaliwa hivyo na kazi ikaniona inafaa, sijui.

Kwetu ni Kihesa, Iringa. Shule nilikwenda kidogo, nikajua kusoma na kuandika, ng'ombe wa baba wakaniita nikarudi. Nimelinda vitu vingi katika maisha haya. Nimelinda mbao, nimelinda mahindi, nimelinda hata kanisa moja lililokuwa linajengwa. Hapo kitu cha kwanza kuibwa kilikuwa kengele, na mpaka leo sijaelewa mtu anaificha wapi kengele ya kanisa. Ukiigonga tu kijiji kizima kinajua uliko. Lakini iliibwa, na mchungaji aliniangalia mimi kwanza. Tangu hapo na mimi naangalia watu kwanza.

Kazi yangu ya mwisho ilikuwa Igawa, kwenye kituo kidogo cha mafuta kando ya barabara kuu. Mbele pampu, nyuma ua wenye ukuta, na ndani ya ua matangi mawili makubwa ya chuma, yamelazwa juu ya kuta fupi za matofali kama watu wawili kwenye vitanda vya hospitali. Moja la dizeli, moja la petroli. Wakulima wa mpunga walikuja na mapipa yao kuchukua mafuta ya matrekta, malori ya mbali yalisimama mbele. Mimi nilikaa getini mchana. Niliandika namba za magari, nilikagua mifuko, nilikataza sigara. Simu ndani ya ua ni marufuku, kibao kilisema hivyo, na meneja alikuwa akisimama chini ya kile kibao na kuongea na simu.

Sasa nieleze jambo moja kuhusu petroli. Petroli inaua pua. Siku za mwanzo kichwa kinauma na hata ugali una ladha ya mafuta. Baadaye husikii harufu tena, unasema nimezoea. Hujazoea, pua imekufa. Ng'ambo ya ukuta alikuwepo mama ntilie, mtu wa Usangu huko huko, anapika wali mzuri wa Mbarali, wali unaonukia mpaka barabarani. Mimi nilikuwa nakula bila kusikia chochote. Yeye ndiye aliyekuwa akiniambia, "Baba, leo usikae upande wa upepo, wateja wangu watadhani nimepikia petroli." Hapo ndipo nilipojua kwamba mimi sina pua, meneja hana pua, wauza mafuta hawana pua. Ua mzima wa watu wasionusa, na tunalinda kitu ambacho dalili yake ya kwanza ni harufu. Nikiwaza hilo nilikuwa nasogeza kiti changu karibu zaidi na geti.

Tangi la petroli likaanza kutoka jasho chini, pale kwenye mshono. Tone, linakauka, tone lingine. Meneja akaleta kipande cha sabuni ya mche, akakikandika pale. Wenye magari wote wanaijua dawa hiyo, sabuni inaziba petroli, lakini inaziba kwa muda. Kila wiki sabuni iliongezwa mpaka tangi likawa na uvimbe kama jino bovu. Mwisho tajiri mwenyewe akapita, akauona ule uvimbe, akasema tangi lifungwe, likamuliwe, lioshwe, lichomelewe.

Akaletwa injinia kutoka Mbeya, kijana anayekaa Ilomba. Alishuka kwenye gari amevaa jaketi nene na kofia ya sufu, na Igawa wakati huo ilikuwa ni baridi ya kawaida tu ya msimu, ile ya kufunga kifungo kimoja. Alikuwa na adabu, aliniamkia vizuri. Akamwambia meneja, nami nikisikia:

"Kazi hii kwetu tunaifanya asubuhi. Asubuhi mafuta yamelala."

"Yanalala vipi?" nikauliza. Sikuwa nimeulizwa mimi.

"Baridi, mzee. Mvuke hauamki. Unajua mafuta ya kupikia yanavyoganda kwenye chupa huko kwetu mwezi wa sita? Ndivyo hivyo. Yanatulia."

Hilo la chupa ni kweli. Nimelala Mbeya kwa ndugu, nimeona mama wa nyumba anaweka chupa ya mafuta karibu na jiko ndipo amimine. Watu wa kule juu wote wanaliona hilo tangu utoto, na nilikuja kujua kwamba mafundi wengi wa kule wanaisemea petroli hivyo hivyo. Lakini mimi nikajiuliza, mafuta ya kupikia na petroli wamekuwa ndugu lini? Halafu Igawa siyo Ilomba. Ilomba jua linatoka limevaa koti. Igawa tuko chini bondeni, alfajiri unajikunyata, na watu wakinywa chai ya saa nne umeshatundika sweta kwenye msumari. Nikaanza kumwangalia yule injinia viatu vyake.

Wa kuchomelea alitafutwa pale pale Igawa. Hapo ndipo hadithi yenyewe ilipo, maana alikuwa mtani wangu.

Yeye Msangu, mimi Mhehe. Wazee wetu walipigana zamani mpaka wakachoka, na baada ya kuchoka wakabaki na utani. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako, anaweza kuchukua kofia yako kichwani akaondoka nayo, na huruhusiwi kununa. Ukinuna wewe ndiye mkosaji. Kwa umri yule fundi angeweza kuwa mwanangu, lakini hakunipa shikamoo hata siku moja. Alikuwa na karakana yake ng'ambo ya barabara, anatengeneza milango, madirisha na vitanda, ana mke na watoto wadogo wanaomletea chakula. Kila asubuhi akipita alinipigia kelele kwa salamu ya Kihehe:

"Kamwene, mla mbwa! Mbwa wa mtaa huu wako wazima wote?"

"Wazima. Nimekubakizia mkia, maana Msangu ukimpa paja hajui pa kuanzia."

"Afadhali mkia kuliko kuiba ugali wa watu."

"Hatukuiba. Babu zako walikimbilia milimani wakauacha motoni. Sisi tulikuja kuzuia usiungue."

"Ndiyo maana mpaka leo hamjajifunza kupika wa kwenu!"

Na wauza mafuta wanacheka, na siku yangu imeanza. Mtu akiwa mjane na yuko mbali na kwao, matusi kama hayo ni kama uji wa asubuhi. Siku asipopita nilikuwa namtuma mtu akaangalie kama anaumwa.

Hakuwahi kuchomelea tangi. Alijua hivyo, nami nilijua. Lakini aliitaka kazi ile kwa roho yote. Aliniambia, "Mhehe, nikimaliza hili, watu wataniita fundi wa mitambo. Nimechoka kutengeneza vitanda. Kitanda kikilia usiku, asubuhi mume anakuja kunigombeza mimi." Alikuja kulitazama lile tangi kila jioni, analipapasa kama mtu anayenunua ng'ombe.

Wakalikamua, petroli ikahamishwa. Ikaja kazi ya kuosha. Vibarua wawili wakapanda juu na mpira wa maji, wakamwaga sabuni ya unga, wakasukutua, wakafungua koki ya chini, maji yakatoka yana rangi rangi juu kama khanga mpya, yakaelekezwa kwenye mfereji mpaka shimoni nje ya ukuta. Wakarudia. Viatu vyao vilikuwa vimelowa, nilitazama. Sawa. Lakini jioni nilipokagua ua niliona upungufu. Zilikuwepo beseni mbili za njano za kuoshea magari. Hazipo.

Nikamfuata meneja. "Beseni za njano zimekwenda wapi?"

"Mzee, beseni!" akasema. "Tuna tangi bovu hapa, wewe unaniuliza beseni."

"Mimi nalinda beseni pia."

"Kaa getini, mzee wangu."

Mtu akikwambia kaa getini, ujue nyuma kuna kitu. Nikawaza, maji yale ya kuoshea yana petroli juu yake. Mafuta yanaelea, mtu mjanja anayachota kama mama anavyochota utando wa maziwa. Huyu meneja amechota. Ameficha mahali. Moyo wangu wote ukaenda kwa meneja, nikamchukia tangu jioni ile mpaka kesho yake. Sikumfikiria mtu mwingine yeyote. Nasema hivi wazi kwa sababu watu wanadhani mtu mwenye mashaka anaona kila upande. Haoni. Anaona upande mmoja sana.

Asubuhi injinia alifika mapema, amevaa jaketi lile lile. Alikuwa na kimashine cha kupima hewa, kadiri ya redio ndogo, kina kamba. Akapanda ngazi, akakishusha kidogo kwenye mdomo wa tangi, akasubiri, akakivuta. Akasema, "Safi. Limelala." Akamwambia fundi aanze mara moja, kabla jua halijapanda, naye akaondoka kwenda Rujewa kuangalia kazi nyingine. Mpaka hapo labda siwezi kumlaumu sana. Alisema kazi ianze mara moja.

Lakini jenereta ikagoma. Unajua jenereta ya kukodi. Fundi aliivuta kamba, ikakohoa, ikanyamaza. Akafungua plagi akaipuliza. Akavuta tena. Vibarua wakavuta kwa zamu, kila mmoja akiisemesha kwa kilugha chake. Walikuwa wameiweka nje ya geti, mimi niliwalazimisha, na waya mrefu ukaingia ndani, kwa hiyo niliwaona vizuri. Na nikiwa pale niliona kivuli cha ukuta kinarudi nyuma kidogo kidogo, mpaka jua likalifikia tangi. Tangi likaanza kulia. Ti. Ti. Chuma kikipata joto kinanyooka, kinalia hivyo. Nikavua sweta.

Mama ntilie akaja na chai ya mafundi. Alifika katikati ya ua, akasimama, akaweka mtungi wa chai chini na kujifuta macho kwa ncha ya khanga.

"Baba, hapa pana nini leo?"

"Pana nini?"

"Panawasha macho. Panazidi hata siku zile lilipokuwa limejaa."

"Wameliosha, limepimwa."

"Mimi nakwambia ninachosikia. Njooni mnywe chai kwangu, sikai humu." Akauchukua mtungi wake, akatoka.

Mimi nikavuta hewa kwa nguvu zote. Hamna kitu. Kama mtu anayeangalia usiku. Na nje ya geti jenereta iliwaka wakati ule ule, ikanguruma vizuri kabisa, na vibarua wakashangilia.

Nikamwendea fundi. Alikuwa anakunja mikono ya ovaroli, anachagua stiki za kuchomelea. Grenda ameiweka tayari, ataanza kwa kukwangua kutu.

"Mtani, usiwashe kitu. Lile tangi limeamka. Utaungua."

"Nikiungua utanila wewe, si umezoea nyama ya kuchoma?"

Vibarua wakaanguka kwa kicheko.

"Sikutanii."

"Kila Mhehe husema hivyo kabla ya kutania."

"Nakwambia, mama ntilie amenusa. Macho yamemwasha."

"Macho yamemwasha kwa sura yako, mzee. Nenda kalinde mbwa."

Nikajaribu kukasirika, uso ukakataa. Nikajaribu kusema pole pole, na jinsi nilivyosema pole pole ndivyo walivyozidi kucheka, maana wakaona naigiza vizuri. Hapo ndipo nilipoona kitu ambacho sikuwahi kukiona katika miaka yote ya utani. Kwa mtu yule mdomo wangu haukuwa na uzito wowote. Mgeni yeyote wa barabarani angemwambia "utaungua" angesimama. Mimi niliyempenda nimemwambia, na ilikuwa ni mchezo.

Nikaenda kwa meneja, yuko chini ya kibao, simu sikioni. Nikamwambia. Akasema limepimwa na mwenye utaalamu, na tajiri anataka kazi iishe leo. Nikamwangalia nikawaza, huyu anataka kazi iishe ili beseni zake zisionekane. Nikageuka. Fundi alikuwa amebeba grenda anaelekea kwenye tangi. Chini ya tangi, kati ya zile kuta mbili fupi, alikuwa ametandika gunia la kulalia, maana mshono uko chini na lazima alale chali ndipo aufikie.

Basi nikapita mbele yake, nikapiga magoti, na magoti yangu ni mabovu, nikajiingiza chini ya tangi nikalala kwenye lile gunia. Nikanyoosha miguu. Nikafumba macho. Nikaweka mikono kifuani.

Walio wa kwetu wananielewa. Msibani, kaburi likishachimbwa, mtani anaweza kushuka akalala humo. Anasema hapa ni pangu, nimetangulia, maiti yenu ipelekeni kwingine. Na haondolewi kwa nguvu. Wafiwa wanambembeleza, wanamtukana kidogo, naye anawatukana, mpaka atoe masharti yake na apewe. Hata mchungaji anasubiri pembeni na kitabu chake. Nilishafanya hivyo mara nyingi ujanani, nilikuwa hodari, walikuwa wakiniita hata misiba isiyonihusu.

"Hapa ni pangu!" nikapiga kelele. "Msangu wenu mzikeni kwingine!"

Kwanza kicheko. Vibarua walikaa chini kabisa. Fundi akachuchumaa akanichungulia.

"Mzee, toka. Bado sijafa."

"Nimewahi foleni."

"Toka, Mhehe, jenereta inakula mafuta."

"Kaburi hili lina joto zuri. Sitoki."

Meneja akaja mbio. Yeye ni mtu wa mbali, kwao mambo hayo ni tofauti. Akasema, "Mzee amelewa? Mvuteni miguu!" Na hapo nikasikia kile nilichokuwa nakitegemea. Kibarua mmoja akasema, "Mtani havutwi, bosi." Mwenzake akasema, "Atoe sharti lake kwanza." Meneja mwenyewe akashika kiatu changu, akakiachia. Aliona wale wawili wanavyomwangalia.

Mimi huko chini nilianza kuumwa kichwa. Si kichwa cha njaa. Kichwa kama cha siku zangu za kwanza kazini, kinagonga nyuma ya macho. Nikaelewa kwamba mvuke uko chini pale, umetuama kama maji kwenye shimo, nami nimelala ndani yake, na yeye angelala ndani yake na grenda inatoa cheche juu ya uso wake. Nikageuza kichwa nipate hewa upande wa ukuta. Kulikuwa na gunia jingine limefunika kitu. Nikalivuta kwa kidole. Njano.

"Sharti langu," nikasema, na sauti haikuwa tena ya kuigiza, lakini nani angejua. "Sitaki kuku. Namtaka injinia na kimashine chake. Apime hapa nilipolala."

"Yuko Rujewa!" meneja akasema.

"Rujewa si mbali. Mpigie. Nje ya geti umpigie, siyo hapa."

Fundi alichoka kucheka. Akasema, "Haya, mleteni huyo injinia, mzee apewe haki yake aniachie kitanda." Akaenda nje mwenyewe kuzima jenereta ili isile mafuta bure. Nilipoisikia imenyamaza nilitambaa nikatoka, nikakaa mbali kwenye upepo, nikatapika kidogo. Wakasema ni uzee. Lakini nililiacha sweta langu pale kwenye gunia, kuonyesha kwamba mahali pana mwenyewe, na hakuna aliyeligusa.

Injinia alirudi amekasirika, ana punje ya wali kwenye ndevu. Akapanda ngazi bila kusema na mtu. Akashusha kimashine kwenye mdomo wa tangi, mahali pale pale pa asubuhi. Kikalia. Kililia kama kifaranga aliyekanyagwa, bila kupumzika. Akakivuta haraka, akakitazama, akakishusha tena. Kikalia tena. Akashuka ngazi, na nilimwona anavua jaketi lake akiwa katikati ya ngazi, kama ndiyo kwanza amejua jua liko wapi. Akakisogeza chini ya tangi. Hakufika hata kwenye sweta langu, kikaanza.

"Tokeni," akasema. "Wote. Nje."

Tulisimama barabarani. Mama ntilie alizima jiko lake kwa maji bila kuambiwa.

Mimi bado nilikuwa na langu. Nikamwambia injinia mbele ya wote, "Chini pale kuna beseni mbili za petroli zimefunikwa. Meneja anazijua."

Meneja akaapa. Aliapa kwa mama yake, akaapa kwa Mungu, na kadiri alivyoapa ndivyo nilivyomwona mwongo. Nikaanza kumsema, ya simu, ya sabuni, ya kaa getini, yote nikayamwaga pale barabarani. Ndipo fundi akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake:

"Ni zangu."

Tukamgeukia.

"Za pikipiki. Nilichota juu juu jioni, wakati wanaosha. Nikaziweka pale kivulini zisipotee kwa jua." Akavua kofia yake. "Nilijua ni maji tu na mafuta kidogo."

Alikuwa ameziweka hatua moja tu kutoka pale ambapo kichwa chake kingelala. Angelala pale chali, na cheche zingedondokea huko. Aliona hivyo yeye mwenyewe wakati anasema, nilimwona anavyoona. Mke wake alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara na sufuria ya chakula, hajui kitu, anangoja malori yapite avuke.

Nilimwomba meneja msamaha? Sikumwomba. Mpaka leo nadhani kuna jambo jingine alilolificha, sijalipata tu.

Tangi lilioshwa upya, siku nyingi, wakaweka feni ya kusukuma hewa ndani, wakapima juu, kati na chini, asubuhi na mchana, na injinia hakwenda tena Rujewa. Alikaa pale kwenye kiti akitokwa na jasho. Aliniambia kwamba ameuliza wakubwa wake, na petroli hailali hata huko Mbeya, hata kwenye barafu, ni maneno tu ya watu wa baridi. Nikamwuliza mbona basi hawajaungua huko kwao. Akasema hata yeye anajiuliza. Fundi alichomelea ule mshono, akauchomelea vizuri, haukutoa hata tone. Watu wakaanza kumwita fundi wa mitambo kama alivyotaka.

Lakini asubuhi ile ya kwanza baada ya siku ya beseni, alipita getini na kofia mkononi, akasimama.

"Shikamoo, baba."

Niligeuka nyuma kutazama anamwamkia nani. Hakukuwa na mtu.

"Wewe Msangu," nikasema, "umeumwa? Au mkeo amekunyima uji?"

"Sijambo, baba. Habari za asubuhi?"

Nikadhani ni utani mpya, wa kunizunguka. Nikamvizia. Siku ya pili, shikamoo baba. Siku ya tatu, shikamoo baba, na kifurushi cha mchele. Nikamtukana babu yake, nikamtukana karakana yake, nikachukua kofia yake nikaivaa siku nzima. Hakuja kuidai. Nilimrudishia mwenyewe jioni, akaipokea kwa mikono miwili.

Siku moja nilimbana ukutani. "Umeninunia?"

"Hapana, baba."

"Sasa nini?"

"Nikitaka kukutukana," akasema, "nakuona umelala pale. Ulilala mahali pangu. Maneno hayatoki."

Niliacha kazi ile, magoti yalikataa, nikarudi Kihesa. Wanangu wanasema nimepumzika. Naye hunipigia simu kila sikukuu, bila kukosa. Pasaka hii amepiga, ameniuliza magoti, ameniuliza mvua, ameniambia amepata kazi ya matangi Makambako na amepima mwenyewe kila pembe. Sauti ina heshima kama ya mtu aliye kanisani. Nikamwacha amalize. Halafu nikamwambia, "Nyie Wasangu hata kushukuru hamjui. Mnashukuru kama watu waliofumaniwa na kuku wa jirani."

Nikasubiri. Nilisikia lori linapita kwake huko. Nilisikia anavuta pumzi, nikadhani sasa inakuja, nikasogeza simu karibu na sikio.

"Ndiyo, baba," akasema.

Nikakata simu mimi.